Hema Aliloliomba Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu wetu alitoka Australia, na sijapata kumwona mtu aliyejua mambo machache vile akayatumia mara nyingi vile. Kwao alikuwa akifundisha shule ya msingi, na kila mwaka aliwapakia watoto kwenye basi akawapeleka msituni wakajifunze habari za wenyeji wa asili wa nchi ile: mila zao, mizizi na mbegu walizokula, michoro yao ya nukta nukta, miti waliyoiheshimu. Sina neno na wenyeji wale. Niliposikia habari zao niliwaonea huruma tu, maana niliamini kwamba na wao lazima walikuwa na mkalimani wao aliyekuwa akisaga meno pembeni. Lakini bwana huyu alitoka misituni amejitunuku cheti mwenyewe, kwamba sasa anawajua wenyeji wa asili wa kila mahali. Akaja nacho Riyadh.

Miaka ile mafuta yalipopanda bei, Riyadh nzima ilikuwa vumbi na winchi. Barabara uliyopita Jumamosi, Jumatano uliikuta imechimbwa. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa ikijenga wizara na mahospitali, na kwa ajili ya wahandisi wake ilikuwa imezungushia ukuta mtaa mzima: nyumba zenye bustani, bwawa la kuogelea, na shule ndogo ya watoto wao. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiarabu wa shule hiyo. Yaani niliwafundisha watoto wa kizungu kusema salamu na kuhesabu mpaka kumi, na muda uliobaki nilikuwa mkalimani wa mwalimu mkuu, kazi ambayo haikuandikwa popote na ambayo ilinila zaidi kuliko hiyo iliyoandikwa.

Nyumbani kwetu hasa ni Jeddah, Hindawiya. Tulifika huko baada ya mapinduzi ya Unguja, mimi nikiwa msichana wa shule, na mama akapanga vyumba viwili juu ya duka la mkaanga samaki. Nilipopata kazi Riyadh, mama alikubali kwa sababu tu kaka yangu alikuwa karani wa ghala katika kampuni ileile, kwa hiyo ningekaa naye, na ikama zetu, yaani vibali vya kuishi nchini, zote mbili zilikuwa kwa kafili mmoja, mwajiri aliyetudhamini. Hilo nalitaja mapema ili asije mtu akaniuliza kwa nini sikumtukana yule bwana hadharani.

Na kama ni dharau, sikuanza kujifunza kwa wazungu. Kwetu sisi, neno bedui lilikuwa tusi. Mtoto akila kwa pupa, bedui. Akiingia ndani na viatu, bedui. Nilipomwambia mama kwamba shule inataka kuwapeleka watoto kwa Mabedui, aliniuliza kama nimesoma kote kule Unguja ili niishie huko. Mama alikuwa akiosha vyombo vya watu ndani ya Jeddah wakati huo, lakini kwa hesabu zake yeye alikuwa bado yuko juu.

Basi mwalimu mkuu akatangaza Siku ya Wenyeji wa Asili na Nyika. Alitangaza katika mkutano wa walimu huku amesimama chini ya boomerangi, lile gongo la kurusha la wenyeji wa kwao, aliyoitundika ukutani, na akasema kwamba watoto hawa wanaishi katika jangwa bila kulijua jangwa. Hapo alisema kweli, nakiri. Kosa lake lilianza sentensi iliyofuata. Alisema tutafanya yaleyale aliyoyafanya kwao, maana watu wa asili wana moyo mmoja. Wiki nzima watoto wakapaka mawe rangi ya nukta nukta. Nilimwambia kwamba Mabedui hawachori nukta juu ya mawe, hawana habari nazo. Akanijibu, kwa sauti ile ya upole anayotumia mtu akiongea na mgonjwa, kwamba la muhimu ni watoto waingie katika hali. Nilitazama ndoo mbili za mawe yaliyopakwa rangi nikajiuliza ni hali gani hiyo.

Wenyeji wenyewe walipatikana kupitia bawabu wa lango letu. Bawabu alikuwa kijana wa kibedui, mwenye bunduki isiyo na risasi na pikapu mpya ya mkopo, na wazee wake walikuwa bado wanaishi katika hema, bondeni, kaskazini mbele ya Malqa. Siku hizi huko ni majumba ya matajiri na vijakazi wa kila taifa. Wakati ule yalikuwa mashamba machache ya mitende, na ukiyapita, mchanga, mawe na migunga. Mwalimu mkuu alipojua kwamba bawabu aliyekuwa akimfungulia lango kila asubuhi ana wazazi wa asili, macho yalimng'aa. Akanituma niende kupanga. Nikaenda na kaka, katika pikapu ya bawabu.

Shaibu, baba yake bawabu, alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alipenda kuzungumza. Akakubali palepale. Wageni kwake, alisema, ni heri, hata wawe wadogo na wa kizungu. Sisi tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi niliutaja pale kwa Kiarabu nilivyoweza, akaupenda, akaurudia. Najuta kuutaja.

Baadaye nikaitwa upande wa pili wa pazia, kwa bibi, mama yake bawabu. Hema la Kibedui limegawanywa kwa pazia: huku wageni na wanaume, huku wanawake na jiko. Niliingia na tusi letu la Hindawiya bado liko mdomoni. Bibi alikuwa ameketi chini, mikanda ya manyoya ya mbuzi imetandazwa mbele yake imekazwa kwa vigingi, anafuma. Mwanamke mfupi, vidole vimepinda, jicho moja lina ukungu. Hakuacha kazi kwa ajili yangu. Aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia, akasema hajapata kusikia, akaendelea.

Nilimuuliza anafuma nini. Akanionyesha juu. Hema, alisema, si kitu kimoja. Ni mikanda mirefu iliyoshonwa pamoja, na mkanda mmoja ukichoka unautoa unatia mpya, na hivyo hema halifi. Alianza kufuma alipoposwa. Mkanda ule pale juu ya jiko, mweusi kwa moshi, aliufuma na mama yake. Ule wa pembeni alifuma akiwa na mimba ya bawabu. Hakuna fundi wala duka lililotia mkono. Na kwa desturi yao, hema ni la mwanamke: yeye hulifuma, yeye hulisimamisha, yeye hulishusha. Mume ni mwenye ngamia.

Kisha akaniambia jambo lililokuwa likimkaa moyoni, nadhani kwa sababu mimi ni mwanamke na ni mpita njia. Mwanawe, bawabu, alikuwa amejenga nyumba ya matofali mjini, na alitaka wazazi wahamie. Kulikuwa na chumba kando ya tangi la maji, hakina dirisha, upande wa mkewe. Shaibu alikuwa tayari zamani. Alikuwa amekwisha onja maji ya barafu na feni na hakuvisahau. Bibi ndiye aliyekataa. Shaibu alikuwa amemwahidi, mbele ya ndugu zake, kwamba maadamu hema lake limesimama hatamwondoa bondeni.

“Na hema,” akaniambia, “nalitia mkanda mpya kila mwaka.”

Alicheka bila meno. Nami nikacheka. Ilikuwa hila nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Riyadh nilikuwa nimekaa na mtu niliyemheshimu. Nikamsaidia kusokota uzi kidogo, vibaya, akaufumua.

Kabla hatujaondoka alinipa maagizo ya wageni. Kahawa wapokee kwa mkono wa kulia. Aliyetosheka aitikise finjani kidogo anapoirudisha. Na wasije wakaiweka finjani chini haijanywewa. Nikauliza kwa nini. Akasema mgeni anayeweka kahawa chini mbele yake bila kuinywa ana haja na mwenyeji. Ataulizwa haja yake, na akiitaja, mwenyeji hawezi kukataa isipokuwa kwa aibu kubwa. Watu wamepata wake kwa njia hiyo, alisema, na damu za watu zimesamehewa.

Hayo yote nilimpelekea mwalimu mkuu siku ya pili yake, ofisini. La mkono wa kulia alilipenda. La kutikisa finjani alilipenda zaidi, akafanya zoezi kwa kikombe chake cha chai. La tatu halikumkaa. Alisema yeye hanywi kahawa kabisa, inampeleka moyo mbio, lakini ataishika kwa heshima. Nikamwambia asiishike, anywe, ni tone moja, chini ya finjani tu. Akatabasamu. Akaniambia kwamba kwao aliwahi kupewa na wazee wa msituni vitu vigumu zaidi ya kahawa, na daima wenyeji wa asili huelewa. Kwa mtu kama huyo maneno yako ni mvua juu ya bati.

Siku yenyewe tukaenda kwa basi la kampuni, watoto kama thelathini hivi, kofia kichwani, kila mmoja na chupa ya maji na jiwe lake la nukta. Bawabu alitangulia na pikapu. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya basi ameshika kipaza sauti, akaeleza nyika njia nzima. Aliuita mgunga mti wa chai. Aliona kichaka cha mvuje pori akasema watu wa asili hutafuna mizizi yake. Kama wangeitafuna wangekuwa wamekwisha zamani. Tulipoteremka aliwaamuru watoto wanyamaze wasikilize ardhi. Wakasikiliza. Kilichosikika ni tingatinga la kampuni yetu likichimba kifusi upande wa pili wa kilima.

Wazee walikuwa wamechinja. Kondoo wawili, kwa watoto ambao nusu yao walikwenda kutapika tende nyuma ya basi. Hema lilikuwa limefungwa vizuri, zulia limetandikwa, makaa yamewaka, dele tatu za kahawa zimepangwa kwa ukubwa. Shaibu alivaa joho lake. Watoto waliingia na viatu, nikawatoa, wakaingia tena bila viatu wakayaweka mawe yao ya nukta mbele ya shaibu, mstari mzima, kama zawadi. Shaibu alitazama mawe, akanitazama mimi. Nikamwambia ni desturi ya nchi ya mwalimu wao. Akayashukuru mawe.

Mwanzo mambo yalikwenda. Shaibu alisimulia safari za ngamia, mimi nikatafsiri, watoto wakajikuna. Bibi alikuwa nyuma ya pazia. Mara mojamoja niliona jicho lake lile zima kwenye upenyo. Halafu kahawa ikaja. Shaibu mwenyewe alimimina, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, akampa kwanza mwalimu mkuu kwa kuwa ndiye mkubwa wa wageni. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akanitupia jicho nione alivyokumbuka. Akainusa. Kisha, polepole, kwa heshima zake zote, akaiweka chini juu ya zulia mbele yake, haijanywewa.

Shaibu alikuwa katikati ya neno. Akalikata. Akarudisha dele kwenye makaa, akakaa sawa, akafunga joho. Bawabu aliyekuwa amesimama kwenye kamba akasogea ndani. Hata watoto waliacha kujikuna, bila kuamriwa.

Nilimwinamia mwalimu mkuu nikamwambia kwa Kiingereza ainue ile finjani anywe sasa hivi. Akaniambia nisiwe na wasiwasi.

“Haja yako, ewe mgeni,” akasema shaibu.

Mwalimu mkuu akaniuliza anasema nini. Ningeweza kusema anakukaribisha. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Labda niliona ni salama zaidi akijua. Nikamwambia: anauliza kama una haja ya kitu, na wewe unatakiwa useme huna, unywe. Yeye alilisikia la kwanza tu. Uso ulimpanuka. Akaegemea nyuma juu ya mto, akatazama paa, akainua kidole akakipitisha kwenye mikanda yote, kuanzia ule mweusi wa moshi mpaka ule wa pembeni. Akasema kwamba kama kuna kitu ambacho angependa shule ikipate, basi ni hema kama hili, hili hasa, la kweli, lisimame uwanjani karibu na bembea, watoto wasomee ndani yake. Akaniambia nimwambie hivyo.

Nilimgeukia shaibu. Nikasema kwa Kiarabu kwamba mgeni hana haja ila Mungu ampe mwenyeji umri mrefu, na kwamba daktari amemkataza kahawa, anaomba radhi.

Nilisema bila kupepesa macho. Nilijua namna ya kutafsiri; niliitwaa kazi yote ya mwaka ule nikaiweka katika uongo mmoja, na bado naona ulistahili kufaulu. Shaibu alinitazama, akatazama kidole cha mwalimu mkuu ambacho kilikuwa bado kiko juu. Akafungua mdomo ajibu, na nadhani angejibu kwa dua, yakaisha.

Lakini mwalimu mkuu alikuwa amejifunza Kiarabu. Alikuwa na maneno kama arobaini, mimi mwenyewe nilimfundisha, na alikuwa akiyatafutia matumizi kama mtoto aliyenunuliwa nyundo. Aliona tafsiri yangu fupi, hakusikia ndani yake lile neno la hema alilolijua, akadhani nimeona haya kuomba. Akanigonga bega kwa wema.

“La, la,” akamwambia shaibu, akicheka. “Haima. Hii. Kwa madrasa.” Na akapiga nguzo ya hema kwa kiganja.

Shaibu hakutazama nyuma, kwenye pazia. Hilo nimelifikiri sana miaka yote. Mtu anayeombwa kitu ambacho si chake angegeuka, angalau shingo. Yeye alijibu haraka, kwa sauti ya majlisi, sauti iliyotengenezwa ili isikike mpaka kwa wachunga mbuzi:

“Kunywa kahawa yako. Limekuwa lako.”

Bawabu akashusha pumzi. Nami nilijua papo hapo kwamba katika hema lile kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakingoja mgeni mjinga kwa muda mrefu, na Mungu amewaletea aliyekamilika. Nyumba ya matofali, feni, maji ya barafu. Na hakuna atakayesema shaibu amevunja ahadi, maana amefanya ukarimu. Sina ushahidi. Nina ile shingo isiyogeuka.

Nilimwambia mwalimu mkuu kila kitu, kwa haraka na bila adabu. Nilimwambia hema si la huyu mzee, ni la mkewe, kalifuma kwa mikono yake tangu usichana. Likishushwa, mama huyu atakwenda kukaa kando ya tangi la maji. Akatae, aseme alikuwa akitania, anaweza bado, Waarabu wanajua kutania. Alinisikiliza. Hakuwa mtu wa kutosikiliza. Alikuwa na namna ya kukusikiliza mpaka mwisho, akiinamisha kichwa, halafu akabaki palepale alipokuwa. Akaniambia kwamba jambo la kwanza alilojifunza kwa wenyeji wa asili ni kwamba zawadi haikataliwi. Kuikataa ni kuwavunjia utu wao. Kwamba mimi, kwa kuwa ni mtu wa mji na wa pwani, huenda sielewi jinsi watu hawa walivyo huru na vitu.

Kisha akainua finjani akainywa. Yote, kwa mkupuo mmoja, uso umekunjamana. Akaitikisa vizuri alivyojizoeza, akairudisha. Moyo wake haukwenda mbio hata kidogo. Ningefurahi kama ungekwenda.

Nilikuwa nikijiuliza nani atakwenda kumwambia bibi, lakini pazia lilifunguka akatoka mwenyewe. Alikuwa amesikia yote, pazia ni manyoya tu. Hakumtazama mumewe wala mwanawe wala mgeni. Alipita katikati ya wanaume, akapita juu ya mawe ya nukta, akatoka nje juani, akainama kwenye kigingi cha kwanza.

Bawabu alimfuata mbio akisema wataleta vibarua wa kampuni kesho, hakuna haraka. Kigingi kikatoka. Akaenda cha pili.

Mwalimu mkuu aliwatoa watoto wote nje akawapanga mstari. Akatoa kamera. Akawaeleza kwamba wana bahati kubwa, wataona kwa macho yao jinsi watu wa jangwa wanavyovunja kambi, ufundi wa maelfu ya miaka. Watoto wakapiga makofi. Upande mmoja wa hema ulipolala chini walipiga makofi zaidi. Sikuwachukia watoto, watoto hupiga makofi wakiambiwa. Yeye nilimchukia. Lakini sikumtukana, maana ikama yangu na ya kaka yangu zilikuwa kwa kafili mmoja, kama nilivyokwisha sema.

Paa liliposhuka, shaibu alikuwa bado ameketi juu ya zulia na joho lake. Jua lilimfika miguuni, kisha magotini, kisha usoni. Alibaki amekaa vilevile, kama kwamba bado yuko ndani. Vitu vya nyumba vilionekana vyote kwa mara moja, vichache: sanduku la bati, magodoro mawili, sufuria, gunia la mchele, na ule mkanda mpya bibi aliokuwa akiufuma, bado umekazwa ardhini, haujafika nusu. Bawabu akaanza kupakia sanduku kwenye pikapu. Nadhani alijitahidi asionekane amefurahi.

Nilivua viatu, sijui kwa nini, nikaenda kumsaidia bibi kukunja. Hakunikataza. Mikanda ilikuwa mizito kuliko nilivyodhani, na ilinuka moshi na kondoo na watu. Alikunja kwa mpango, kila mkanda juu ya mwenzake, akipapasa mishono kwa kidole kuona kama ipo iliyofumuka. Alipofika kwenye ule mweusi aliupapasa mara mbili. Nilitaka kumwambia kwamba nilijaribu, kwamba sikuwatafsiria, kwamba yule bwana ndiye aliyesema kwa mdomo wake.

Yeye ndiye aliyetangulia kusema, bila kuinua uso.

“Nilikusikia ulivyomdanganya.”

“Ndiyo, mama.”

“Ukasema daktari kamkataza kahawa.”

“Ndiyo.”

“Mtu aliyekatazwa kahawa haipokei, binti. Hata mtoto analijua hilo. Ungesema anaomba mbuzi. Tulikuwa nao kumi na wawili.”

Akanipa ncha ya kamba nishike, akaikaza kwa goti, akafunga. Basi likapiga honi.